Kila Mtu Ashuke kwa Mgeni Wake

Nilifungua lango. Nianze hapo, kwa sababu nisipoanza mimi, Mama Nasra wa namba nne ataanza yeye, na akianza yeye nitaonekana mjinga kuliko nilivyokuwa. Ilikuwa Jumamosi mchana. Mtu akabisha hodi, akaniita "fundi mkubwa", akaonyesha mfuko wenye viatu vya mtoto, nami nikazungusha ufunguo. Mtu huyo alikuwa amekatazwa na mahakama kukanyaga ploti yetu. Nilijua. Nilijua kuliko mpangaji mwingine yeyote, maana karatasi iliyomkataza niliisoma mimi mwenyewe kwa sauti, mstari kwa mstari, nikiwa nimevaa miwani.

Lakini nataka kumzungumzia mtu aliyenifanya niisome.

Tulimwita Keateka. Alikuwa na jina, bila shaka, hata kitambulisho alikuwa nacho, ila sijawahi kumsikia mtu akilitumia. Kwa asiyezijua ploti zetu za Umoja, majengo ya kupangisha ya Nairobi, keateka ndiye anayefagia ngazi, anayefungulia maji ya tangi, anayeonyesha nyumba iliyo wazi, na anayepokea matusi yote ambayo wapangaji wangependa kumpa mwenye ploti. Wengi wa kazi hiyo ni wanaume. Wetu alikuwa mama mfupi, mpana, mwenye aproni ya buluu iliyokuwa na mfuko mmoja mkubwa mbele. Humo mlikaa funguo, chaki, simu yake ya kabambe ya vitufe na kipande cha sabuni. Ukimsikia akishuka ngazi ungedhani ni mbuzi mwenye kengele.

Chaki ilikuwa ya matangazo. Aliyaandika upande wa ndani wa lango, kwa herufi kubwa zilizolalia kushoto. MAJI NI JUMATANO NA JUMAMOSI, MWENYE MASIKIO ASOME. Au: MTOTO AKICHORA UKUTA, MAMAKE ATAOSHA. Tangazo hilo la pili liliwalenga watoto wawili wa namba tisa, Wanja na mdogo wake Kevo, ambao walikuwa wamechora ng'ombe mwenye miguu sita karibu na mita za stima. Aliwafokea mpaka Kevo akajificha nyuma ya meza yangu. Baadaye nikagundua kwamba chaki waliyochorea ni vipande alivyokuwa akiwapa yeye.

Alikuwa hivyo. Alituapia kwamba mambo ya watu hayamhusu, na alijua nani amekaanga omena na nani ameazima mafuta ya kuzikaangia. Alipiga marufuku jiko la makaa kwenye ngazi, na jiko la pekee lililowahi kuwaka kwenye ngazi lilikuwa lake. Mwanamume mlevi hakumtisha hata kidogo, lakini mende mmoja alitosha kumpandisha juu ya mtungi wa plastiki wa maji akipiga mayowe ya kuokolewa. Nilimwokoa mara mbili. Hakunishukuru.

Sheria yake kubwa ilikuwa moja: kila mtu ashuke kwa mgeni wake. Lango letu ni la chuma, lina kidirisha kidogo, na kufuli lake halina huruma. Ukija kumtembelea mtu, hufunguliwi na yeyote aliyepo. Unampigia simu mwenyeji wako ashuke akufungulie mwenyewe, hata kama yuko ghorofa ya nne na ana povu kichwani. Mchungaji mmoja alichomwa na jua pale nje dakika ishirini na Biblia yake kichwani kama kofia. Siku moja mwenye ploti alikuja bila ufunguo.

"Umekuja kwa nani?" Keateka akamuuliza kupitia kidirisha.

"Kwa nani vipi? Hii ni nyumba yangu!"

"Najua. Lakini umekuja kwa nani?"

Ikabidi mzee wa watu amtaje mpangaji, nami nikamsikia Keateka akiita juu, bila kucheka, "Baba Otis, shuka, una mgeni!"

Funguo za ziada zilikuwa chache, na mmoja nilipewa mimi. Nakaa namba moja, mlango wa kwanza ukiingia. Natengeneza pasi, redio na blenda, na kutoka nje si desturi yangu. Kwenda Muthurwa kununua waya ni safari ambayo mimi huaga watu. Nina kidato cha nne na divisheni ambayo haijamsumbua mwajiri yeyote. Kwa hiyo Keateka aliponiwekea ufunguo mezani, bila maelezo, niliona nimeheshimiwa. Nilivimba wiki nzima.

Sasa, namba tisa.

Mama Wanja ni msusi, ana kiti chake kwenye saluni ya mtaa wa nyuma. Mume wake alikuwa kipenzi cha ploti. Alisalimia kila mtu kwa jina, alisukuma gari la Baba Otis kila likikataa kuwaka, na redio yangu aliwahi kuisifu mbele za watu, jambo ambalo sijalisahau na ambalo, kama utakavyoona, lilitugharimu. Lakini mlango wao ukifungwa tulisikia. Kuta zetu ni nyembamba. Tulisikia viti, tulisikia sahani, tulisikia Mama Wanja akisema "watoto wanaangalia", na mimi, niliyekuwa na redio saba mezani, niliziongeza sauti. Hilo pia ni kosa la kukiri, na lilidumu kuliko lile la lango.

Keateka hakuwa na redio. Kila mara kelele zilipoanza alipanda, akagonga mlango wa namba tisa kwa mpini wa ufagio.

"Mama Wanja! Ndoo yangu iko hapo?"

Viti vikatulia.

"Naulizia ndoo yangu ya kijani! Nasimama hapa mpaka niipate!"

Na alisimama. Mlango ukifunguliwa, aliangalia uso wa Mama Wanja, aliwahesabu watoto kwa macho, akasema labda ndoo iko kwingine. Keateka hakuwa na ndoo ya kijani. Hakuwahi kumwazima mtu ndoo tangu ploti ijengwe.

Asubuhi moja Mama Wanja alishuka na kanga usoni. Kevo alikuwa mgongoni, ingawa alishapita umri wa kubebwa. Keateka aliweka ufagio chini, na huyo ni mtu aliyekuwa akituambia kwamba mahakama ni ya watu wa tai na serikali inakujua siku ya kura tu. Alivua aproni. Sikuwahi kumwona bila aproni. Nilidhani amezaliwa nayo. Wakaenda zahanati, wakaenda kituo cha polisi kuandikisha taarifa na kupewa namba yake, siku ya pili wakaenda mahakamani. Alituambia baadaye kwamba alikuwa amejiandaa kupigana na karani, ila karani alikuwa binti mpole aliyewaonyesha fomu na mahali pa kuapa, na hilo lilimkosesha raha kidogo. Hakimu alisikiliza siku hiyo hiyo, akatoa amri ya muda ya kumlinda mama na watoto mpaka kesi isikizwe na mume naye aseme yake. Mume akakabidhiwa nakala, akaondoka na begi moja.

Amri ilikuwa kwa Kiingereza. Keateka aliishia darasa la nne. Akanipigia kelele kutoka kwenye mita za stima: "Fundi! Lete hiyo elimu yako!"

Tulikaa juu ya mitungi ya maji, yeye, Mama Wanja na mimi. Nikasoma na kutafsiri. Kwanza, asimpige, asimtishe, asimtumie mtu wala ujumbe wa kumsumbua. Pili, asifike kwenye ploti, wala saluni, wala shule ya watoto. Tatu, watoto wakae na mama yao. Keateka alikuwa akirudia kila neno chini kwa chini, midomo ikitembea kama mtu anayetafuna karanga. Nilipofika namba nne, pasi niliyoiacha mezani ilianza kunuka.

"Namba nne je?"

"Hiyo ni ya vitu vitu tu," nikasema, nikakimbilia pasi.

Niliporudi Keateka alikuwa ameshaikunja karatasi. Akaitia kwenye karatasi ya nailoni ya mkate, akaiweka katika ule mfuko mkubwa.

"Mama Wanja, hii karatasi haina miguu," akasema. "Ukiificha kwa kabati, italinda kabati. Unakubali itembezwe?"

Mama Wanja alikaza kanga. Aibu ya mtaa wetu ni kitu kizito. Watu wamevumilia vipigo badala ya kuibeba. Kisha akasema, "Nimechoka kuficha, mathe. Itembeze."

Ikatembezwa. Nakala moja ilienda kwa mwalimu anayesimama kwenye lango la shule, ambaye aliambiwa watoto hawa wanachukuliwa na mama au na Keateka, basi. Nyingine saluni. Nyingine kituoni, iambatanishwe na ile namba. Hata vijana wa bodaboda wa pale kona walielezwa kwamba wakimwona bwana yule karibu na shule wapige simu, wasimguse. Karatasi halisi ilirudi kwa Mama Wanja, na nakala moja ikabaki kwenye nailoni ya Keateka.

Si wote waliofurahi. Baba Otis alisema tunavunja nyumba ya watu. Keateka alikuwa akifagia mbele ya mlango wake, hakuinua kichwa.

"Nyumba za hapa nazijua mimi, Baba Otis. Hiyo ilivunjika mlango mara mbili. Bawaba nilizipigilia mimi."

Basi, Jumamosi. Siku ya maji. Keateka alikuwa juu ya paa kwenye matangi, Mama Wanja huko huko akianika nguo. Watoto walikuwa mlangoni kwangu wakinitazama nikifungua blenda. Kidirisha kikagongwa.

"Fundi mkubwa! Niaje, mzee wangu? Ile redio bado inaimba?"

Nikasimama. Nilimwona, na kabla sijasema kitu akainua mfuko. "Viatu vya Wanja. Nasikia vya shule vimetoboka. Nifungulie nimpe tu, niende. Ama unataka niwarushie watoto wangu kama kuku?"

Nilifikiri nini? Nilifikiri kumwacha baba wa watu nje na viatu mkononi ni kukosa adabu. Karatasi ilikataza fujo, nikajiambia, na viatu si fujo. Hata ile sheria ya kila mtu ashuke kwa mgeni wake, ambayo ilimchomesha mchungaji jua, niliisahau. Nikafungua.

Wanja alikuwa na miaka minane. Alimtazama baba yake, akanitazama mimi. "Uncle," akasema polepole, "umemfungulia?"

Akapanda ngazi mbio.

Baba yake hakumwita. Mfuko wa viatu aliuweka juu ya meza yangu, karibu na blenda, akamshika Kevo mkono. "Twende kwa nyanya," akamwambia. Kevo hakulia. Alikwenda kama mtoto anayejua kwamba kulia huharibu zaidi. Nami nilisimama na bisibisi mkononi, nimegeuka mlingoti.

Ndipo sauti ikashuka kutoka paani, ghorofa nne, ikapasua hewa yote: "FUNDI! FUNGA HILO LANGO!"

Mwili ulitii kabla ya akili. Nilikuwa karibu zaidi. Nikasukuma, nikabana kufuli, nikaweka ufunguo ndani ya soksi. Bwana yule alinishika kola akanigongesha kwenye chuma. "Fungua, buda. Usijiingize kwa familia yangu." Nilitaka kujibu kishujaa. Nilichosema ni, "Blenda ya watu iko mezani."

Keateka alifika ametota maji, funguo zikilia. Hakumgusa. Alivuta mtungi, akaukalisha mbele ya lango, akaketi juu yake, akaitoa ile nailoni ya mkate. Kisha akaanza kusoma. Hakuwa akisoma, macho yake yalikuwa kwa yule bwana. Alikuwa akitamka kwa kichwa maneno yangu mwenyewe, ile tafsiri ya siku ile, neno kwa neno, hata mahali nilipokohoa. Asimpige, asimtishe. Asifike kwenye ploti, wala saluni, wala shule. Watoto wakae na mama yao. Milango ikafunguka moja moja. Mama Nasra akatoka na mwiko wa karai unaodondoka mafuta ya bajia. Baba Otis akatoka, akasimama upande wa Keateka.

"Haya ni mambo ya nyumba yangu," bwana akasema.

"Nyumba yako hapa ni namba ngapi?" Keateka akauliza. "Taja. Mimi ndiye naonyesha nyumba."

Mama Wanja alikuwa ameshashuka. Hakupiga kelele. Alipita katikati ya watu, akapiga magoti, akafungua mikono, na Kevo akauchomoa mkono wake kama mtu anayevua glavu.

Polisi wawili walikuja, maana Keateka alikuwa amewapigia simu akishuka ngazi. Wa kwanza alianza ule wimbo tunaoujua, kwamba mke na mume wayazungumze nyumbani. Keateka akampa karatasi, akamtajia namba ya taarifa bila kuangalia popote. Wa pili aliisoma yote, akageuza nyuma, akarudi mbele. "Hii ni ya mahakama," akamwambia mwenzake. "Akiivunja ni kosa, hata awe amebeba maua." Wakaondoka naye.

Nilingoja matusi. Keateka alinyoosha mkono tu. Nikavua soksi, nikampa ufunguo. Kisha akanipa ile karatasi.

"Namba nne."

Nikasoma. Kitu chochote anachotaka kuwapa watoto kipitie kwa afisa wa watoto. Chochote. Nguo, vitabu, viatu. Hakimu ambaye hajawahi kuiona ploti yetu alikuwa ameviona vile viatu kabla yangu.

"Vitu vitu tu," Keateka akasema, akapanda kumalizia matangi. Zilipita wiki mbili kabla ya kunisemesha tena, na maneno yake ya kwanza yalikuwa, "Kuna mende."

Kesi iliposikizwa niliitwa kutoa ushahidi. Nilivaa koti la Baba Otis.

"Ni wewe uliyefungua?" hakimu akauliza.

"Ndiyo, mheshimiwa."

"Kwa nini?"

"Viatu, mheshimiwa."

Aliandika kwa muda mrefu kuliko jibu lenyewe. Mwishowe amri ya muda ikafanywa ya kudumu, na baba akaruhusiwa kuwaona watoto katika ofisi ya afisa wa watoto tu, mtu mwingine akiwepo. Kwa kuivunja ile ya kwanza alipewa adhabu yake. Ninachokumbuka zaidi ni Jumatatu iliyofuata. Wanja alirudi kutoka shule akiwa peke yake mbele, mama yake hatua kumi nyuma, anaruka-ruka kwenye vigae. Nilikuwa sijawahi kumwona akitangulia.

Keateka aliondoka mwaka juzi. Alipata ploti nyingine mtaa wa Fedha, yenye lifti, jambo alilotutangazia kwa chaki: NAENDA. MAJI NI YALE YALE. Wapangaji walikaa kikao, wakakubaliana ufunguo wa ziada urudi kwangu. Nilitoa hotuba fupi kuhusu imani, ambayo Mama Nasra aliikatiza akiomba chumvi.

Mwezi uliopita nilienda kumwona. Ndiyo, mimi, nilitoka. Niliaga watu. Nilimbebea pasi yake ya zamani niliyoitengeneza. Lango la huko ni jeusi, refu, na lina kidirisha. Nikagonga. Macho yale yale yakatokea.

"Umekuja kwa nani?"

"Keateka, ni mimi! Fundi!"

"Naona. Umekuja kwa nani?"

"Kwako."

"Ngoja mwenyeji wako ashuke," akasema, akafunga kidirisha. Nilisikia hatua zikienda, zikisimama, zikirudi. Kisha kufuli.

Tulikunywa chai juu ya mitungi. Alikuwa amekonda kidogo. Aproni ilikuwa ile ile. Akauliza juu ya namba tisa. Nikamwambia Wanja yuko gredi ya saba na anabishana na walimu, Kevo amepoteza meno ya mbele, na mama yao sasa ana viti viwili pale saluni. Hakutabasamu. Alitikisa kichwa kama mtu anayekagua kazi ya fundi bomba. Kisha akaingiza mkono mfukoni, akatoa nailoni ya mkate. Mpya.

"Huyu ni wa ghorofa ya tatu," akasema. "Ana watoto watatu. Amekubali itembezwe. Soma."

Nikavaa miwani.

"Na usiruke hata mstari mmoja. Hapa hakuna pasi inayonuka."

Nilisoma ukurasa mzima mpaka muhuri, namba zote saba, na yeye akirudia chini kwa chini, midomo ikitembea. Nilipomaliza akaniambia nianze tena.

Nilirudi Umoja jioni kabla giza halijaingia, ufunguo wa lango letu shingoni kwenye kamba. Mama Nasra alikuwa kwenye karai lake nje ya lango. Nikamsimulia yote. Nikaongeza, kwa unyenyekevu niliokuwa nimeuandaa njia nzima, kwamba sasa naelewa kwa nini ploti nzima ilinikabidhi ufunguo: mtu aliyekosea mara moja ndiye anayeaminika.

Aligeuza bajia tatu.

"Nani amekuamini? Tulikupa kwa sababu huendi popote, na leo umeenda, na Mama Wanja ameketi hapo ndani ya lango tangu asubuhi akililinda badala yako, akingoja urudi ndipo apande kupika."